Uanze na Nani?

Nyumbani Tanga wakisikia mtoto wao amemaliza masomo ya uuguzi Marekani hupiga vigelegele, na wana haki. Lakini kumaliza masomo na kuwa muuguzi ni mambo mawili, na katikati yake upo mtihani ambao ndugu zetu hawausikii. Katika vyuo vingi vya Texas, mwanafunzi aliyefaulu kila somo na kila zamu ya mafunzo hospitalini hukalishwa tena mbele ya kompyuta muhula wa mwisho, aulizwe yote kwa mkupuo: upasuaji, uzazi, watoto, magonjwa ya akili, dawa, uongozi wa wodi. Akivuka hapo ndipo anaruhusiwa kwenda kuufanya mtihani wa leseni, NCLEX, unaotungwa na baraza la kitaifa lenye makao Chicago. Bila leseni hiyo, hata ukiwa na shahada, hakuna atakayekukabidhi mgonjwa.

Mtihani wa kumalizia chuo unaojulikana zaidi ni HESI. Ulianzia hapa hapa Houston ninapoishi, na sasa uko chini ya kampuni ya Elsevier. Alama zake si za asilimia. Zinapanda mpaka kupita 1,000. Watungaji wake huihesabu 850 kuwa inakubalika, na 900 kuwa ndiyo ya kulenga, halafu kila chuo hujichagulia mstari wake. Wanafunzi tulikuwa tukizitaja namba hizo kwa sauti ya chini, kama mtu anavyotaja deni.

Vyuo vinaung'ang'ania mtihani huu kwa sababu iliyo wazi. Baraza la Uuguzi la Texas linataka angalau asilimia 80 ya wahitimu wa kila chuo wafaulu NCLEX mara ya kwanza wanapoufanya. Chuo kikishuka chini ya hapo kinaanza kuhojiwa, na kikizidi kushuka kibali chake cha kufundisha kinaingia hatarini. Kwa hiyo chuo kinataka kujua mapema nani atafaulu na nani bado. Mtihani unampima mwanafunzi, lakini pia unakilinda chuo, na ni vizuri mwanafunzi akalijua hilo tangu mapema, asije akadhani kwamba kila anachofanyiwa kinafanywa kwa ajili yake.

Mimi nimekulia katika shule za kukariri. Tulikusanya pepa za miaka iliyopita, tukayameza majibu, tukakesha na taa, na tulifaulu. Nilipoanza kujiandaa kwa HESI nilikuja na mbinu hiyo hiyo. Madaftari yangu yalijaa: potasiamu 3.5 hadi 5.0, sodiamu 135 hadi 145, lithiamu 0.6 hadi 1.2. Ilinibidi pia nijifunze upya vipimo, kwa sababu nyumbani sukari ya damu tunaisoma kwa milimoli, na hapa husomwa kwa miligramu, kwamba 70 ya huku ndiyo 3.9 ya kwetu. Uzito unaletwa kwa ratili, na lazima ugawe kwa 2.2 upate kilo kabla ya kukokotoa dozi ya mtoto. Vitu hivi havina njia ya mkato, ni kukariri tu, na sikubaliani na wanaodai kwamba kukariri kumepitwa na wakati. Muuguzi asiyeijua potasiamu ya kawaida hawezi kushtuka akiona 6.2.

Ila kukariri peke yake hakufiki mbali, na aliyenionyesha hilo ni mwalimu wetu wa wodi, mama wa Kifilipino aliyefanya kazi chumba cha dharura miaka mingi. Siku moja aliandika ubaoni wagonjwa wanne. Ndiyo kwanza umeingia zamu. Wa kwanza ni mzee mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, oksijeni yake inasoma asilimia 90. Wa pili ni mama aliyepasuliwa tumbo juzi, anasema maumivu yake ni 8 kati ya 10. Wa tatu ana kisukari, sukari yake ni 240, anaidai insulini yake. Wa nne ni kijana aliyevunjika mguu, jana amefungwa plasta ya POP, anasema dawa ya maumivu haimsaidii na vidole vya mguu vinamfanya ganzi. Uanze na nani?

Darasa likagawanyika. Waliokuwa wamekariri kwamba pumzi hutangulia kila kitu walikimbilia kwa mzee. Wenye huruma walikwenda kwa mama aliyepasuliwa. Mwalimu aliacha tubishane mpaka tukachoka, kisha akatuuliza, mmoja baada ya mwingine: hili ulilitarajia, au hukulitarajia? Mzee mwenye mapafu sugu, oksijeni ya 90 ndiyo hali yake ya kila siku. Mama wa juzi kuumwa ni jambo la kutarajiwa. Atapewa dawa, lakini hafi. Sukari ya 240 inahitaji insulini, ila dakika kumi hazitamdhuru. Kijana ndiye wa kumkimbilia. Maumivu yasiyosikia dawa, pamoja na ganzi, ndani ya POP, yana maana kwamba misuli imevimba ikakosa pa kwenda na sasa inaibana damu isipite. Ukichelewa saa chache, misuli inakufa na mguu unaweza kukatwa. 

Tangu siku ile nilibadilisha namna ya kusoma. Nilikuwa na kitabu cha Saunders cha Linda Anne Silvestri, kile kinene ambacho kila mwanafunzi wa uuguzi hapa anakijua, na uzuri wake si wingi wa maswali. Ni kwamba kila swali lina maelezo ya kwa nini jibu hili ni sahihi na kwa nini yale matatu si sahihi. Nikawa natumia muda mrefu zaidi kwenye maelezo kuliko kwenye swali. Hata nilipolipata swali, bado nilisoma kwa nini majibu mengine si sahihi, na niliandika kwa maneno yangu ni mgonjwa gani ambaye jibu lile lingemfaa. Jibu lisilo sahihi katika mitihani hii mara nyingi ni jibu zuri kwa mgonjwa mwingine. Ukishaliona hilo, huhangaiki tena kutafuta upuuzi wa kuutupa. Unatafuta nani yuko mbele yako.

Palikuwa na fungu moja la maswali lililonisumbua moyo kuliko akili. Mwanamke anasubiri kupasuliwa titi, analia, anasema anaogopa hataamka. Unamwambia nini? Jibu la kwanza: usiwe na wasiwasi, daktari wako ni hodari. La pili: kwa nini unaogopa? La tatu: niambie zaidi kuhusu hofu yako. La nne: nitakuitia kiongozi wa dini. Mtu yeyote aliyelelewa pwani angelichukua la kwanza na kuliongezea inshallah. Kwetu mgonjwa haachwi bila neno la matumaini. Mtihani unalihesabu jibu hilo kuwa si sahihi, kwa sababu unamwahidi mgonjwa kitu usichokuwa nacho na unaufunga mdomo wake papo hapo. La pili nalo halifai, linamfanya ajitetee. La nne linamkabidhi kwa mtu mwingine ambaye hakuombwa. Sahihi ni la tatu.

Nilipinga kimoyomoyo kwa muda mrefu. Niliona ni ubaridi wa wageni. Kisha usiku mmoja, kwenye nyumba ya wazee nilikokuwa nafanya kazi ya usaidizi, mzee mmoja aliyekuwa dereva wa malori aliniuliza saa tisa usiku kama ndiyo anakufa. Maneno ya kumliwaza yalikuwa yamenijia mdomoni. Nikavuta kiti nikamwambia, niambie unachokifikiria. Akaniambia habari za binti yake aliyeko Oklahoma, ambaye hawakuzungumza kwa miaka. Kulipokucha nilimwambia nesi wa zamu, naye akamwambia mtu wa ustawi wa jamii, na wiki ile ile simu ikapigwa. Ningemwambia atapona, nisingesikia habari za binti yule.

Na nilipokuwa nikiyafikiria haya nikamkumbuka shangazi yangu, aliyekuwa mkunga Tanga enzi za utoto wangu. Nilikuwa nikipelekwa kumsubiri kazini. Alikuwa akikaa ukingoni mwa kitanda, anauliza, umelalaje mama, halafu ananyamaza. Ananyamaza kweli, mpaka yule mama aseme. Matumaini na dua vilikuja baadaye, baada ya mgonjwa kusema lake. Kwa hiyo jambo hili halikuwa la Wamarekani. Lilikuwa la wauguzi, na shangazi alilijua bila kuliona kwenye kompyuta.

Halafu kuna kazi ya usiku. Wenzangu wengi kutoka Tanzania, Kenya na Kongo wanaosomea uuguzi hapa wanafanya kazi hiyo: kuogesha wazee, kuwageuza, kubadilisha mashuka, kupima presha na joto. Wanailalamikia kwamba inawaibia muda wa kusoma, na muda kweli inauchukua. Usingizi wa mchana haufanani na wa usiku. Lakini kwa mtihani huu kazi hiyo ni nusu ya maandalizi, kwa anayeifanya akiwa macho. Kulikuwa na bibi mmoja kwenye korido yangu, mtu wa mzaha, anayejua majina yetu sote. Usiku mmoja nikamkuta anazungumza na pazia na hanitambui. Hakuwa na homa. Nilimwambia nesi wa zamu. Mkojo ukapimwa, ikaonekana ana maambukizi kwenye njia ya mkojo. Mzee anaweza kuchanganyikiwa ghafla kabla homa haijaonekana, na wakati mwingine homa haiji kabisa. Jambo hilo limo vitabuni. Lakini lilipokuja kwenye swali, mimi nilimwona bibi yangu na pazia lake, na sikuhitaji kufikiri.

Vivyo hivyo maswali ya kugawa kazi, ambayo huwasumbua wengi wetu kwa sababu tumetoka mahali ambapo ndugu wa mgonjwa ndio wanaomlisha, wanaomwogesha, na pengine ndio wanaokimbia kumwita nesi dripu ikiisha. Sheria ya hapa ni kali na ya wazi: kumchunguza mgonjwa, kumfundisha, na kuamua kama matibabu yamesaidia ni kazi ya muuguzi mwenye leseni, hawezi kumpa msaidizi. Kumwogesha aliye imara, kumpima presha, kumsindikiza chooni, anaweza. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa anayegawiwa. Nilijua kazi gani huwa napewa na ipi sijawahi kupewa, na maswali yale yakawa mepesi.

Tulisoma jikoni kwangu Jumamosi, wanawake watatu na kaka mmoja wa Nakuru, kila mtu na chai yake. Tulikuwa na desturi moja: ukishalipata jibu kwa Kiingereza, lieleze kwa Kiswahili kama unamweleza mama yako. Ukikwama, bado hujaelewa. Nani hawezi kusema kwa Kiingereza kwamba moyo umeshindwa upande wa kushoto? Lakini kusema kwamba moyo umechoka kusukuma, damu inarudi nyuma na maji yanajaa mapafuni, ndiyo maana hawezi kulala bila mito mitatu, na kwamba upande wa kulia ukichoka ni miguu inayovimba na mishipa ya shingo inayotuna, hapo lazima uwe umeiona picha yote. Dada mmoja wa Bukavu alikuwa hodari wa hayo kutupita sote. Nilimuuliza kwa nini mgonjwa anayetumia furosemaidi na digoksini afuatiliwe potasiamu kwa karibu. Akaweka kikombe chini.

"Dada, ukimupatia dawa ya kukojozesha, potasiamu inatoka na mukojo," akasema. "Ikishapunguka, ile dawa ya roho njo inageuka sumu."

Hayo ndiyo maelezo yote. Mengine yakajipanga yenyewe: kuhesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima kabla ya kumpa, yakiwa chini ya 60 kwa mtu mzima kuizuia dawa na kumjulisha daktari, kumuuliza kama ana kichefuchefu au anaona vitu vya rangi ya njano.

Na dada huyo huyo ndiye ambaye chuo kilimrudisha nyuma. Alikuwa amefaulu kila somo. Wagonjwa walimpenda, walimu wa wodi walimsifu. Alama yake ya mtihani wa kumalizia ilipungua kidogo chini ya mstari wa chuo, na kwa hiyo hakuhitimu na wenzake. Akatakiwa kulipia muhula mwingine, na watoto watatu nyumbani. Hakuelezwa alipungukiwa wapi, alielezwa tarehe ya kurudia na kiasi cha ada. Nililiona jambo hilo kuwa dhuluma na bado naliona hivyo. Si mimi peke yangu. Mwaka 2012 National League for Nursing, chama cha kitaifa kinachoshughulikia elimu ya uuguzi Marekani, kilitoa mwongozo kuhusu haki katika mitihani, kikasisitiza kwamba uwezo wa mwanafunzi upimwe kwa ushahidi wa namna nyingi, isiwe mtihani mmoja unaoamua hatima yake. Mtihani huu una thamani kubwa pale unapotolewa mapema, mwanafunzi akapewa ripoti yake, akasaidiwa pale palipo dhaifu. Ukitolewa mwisho kabisa, mlango ukiwa umeshaanza kufungwa, unawaumiza zaidi wale wale wanaobeba maboksi usiku na wanaosoma kwa lugha yao ya tatu au ya nne.

Siku yangu ilipofika niliingia chumba cha kompyuta nimelala usingizi wa kutosha. Zamu ya usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimeiombea ruhusa mwezi mzima kabla, na nawashauri wote wafanye hivyo hata kama mfuko utalia. Ukishajibu swali huwezi kulirudia. Kwa mtu aliyezoea kuruka maswali na kuyarudia mwishoni, hilo linahitaji mazoezi: soma, amua, achana nalo. Nilivuka mstari wa chuo. Ripoti ikaonyesha uzazi ndio ulionirudisha chini, mimi mpwa wa mkunga, na wiki zilizobaki kabla ya leseni nilizitoa karibu zote kwenye kondo la nyuma: linapokaa chini likaziba njia, damu nyekundu bila maumivu, linapobanduka kabla ya wakati, maumivu makali na tumbo gumu kama ubao.

Kwenye leseni yenyewe kuna mambo ambayo hayahusu uuguzi lakini yanaweza kukuchelewesha: alama za vidole, mtihani mdogo wa sheria za uuguzi za Texas, dola 200 za NCLEX, barua ya ruhusa ya kufanya mtihani. Anza mapema. NCLEX ilikuwa ya karatasi hadi 1994, siku mbili, mara mbili kwa mwaka. Sasa kompyuta inakupima inavyokwenda: ukipata, swali lijalo linakuwa gumu zaidi, ukikosa, linashuka. Kiwango cha chini ni maswali 85 na cha juu 150, ndani ya saa tano, na inakata pale inapokuwa na hakika ya asilimia 95 kwamba uko juu au chini ya mstari. Watu hutoka wakilia kwamba maswali yalikuwa magumu mno. Magumu ndiyo unayoyataka.

Tangu Aprili 2023 yameongezwa masimulizi ya wagonjwa, kila moja na maswali sita: tambua dalili, zichambue, pima lipi ni la hatari zaidi, fikiria la kufanya, lifanye, kisha tazama kama limesaidia. Nilipoyaona nilijisikia niko jikoni kwangu Jumamosi.

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Arusha, yuko muhula wa mwisho, alinipigia kuniuliza anunue kitabu kipi. "Shikamoo dada, nimebakiza miezi miwili tu," akasema. Nilimwambia alicho nacho kinatosha. Aje Jumamosi na maswali aliyokosa, aliyopata ayaache nyumbani. Dada wa Bukavu atakuwepo. Alirudia ule muhula, akapata leseni, na sasa yuko wodi ya kusafisha damu ya wagonjwa wa figo. Kwa habari ya potasiamu, kijana hatapata mwalimu anayemzidi.